Damu itolewe kabla ya dawa

Hapa Satellite, Nairobi, homa ina majina mawili: malaria na taifodi. Mtu akishikwa na joto siku tatu mfululizo, jirani wa ploti atamwambia ni mojawapo ya hizo, duka la dawa lililo kando ya barabara ya Naivasha litamuuzia dawa za zote mbili, na akirudi baada ya wiki akiwa bado anatetemeka kila jioni, atabadilishiwa vidonge. Sina ugomvi na jirani, wala na muuza dawa. Mmoja anasema alichosikia tangu utotoni, na mwingine anahudumia watu wasio na pa kwenda saa tatu za usiku. Ugomvi wangu ni na mpango wa matibabu unaoacha homa ya wiki tatu itibiwe bila mtu hata mmoja kuchukua damu ya mgonjwa na kuipeleka maabara ioteshwe, ijulikane ni kijidudu gani kimo ndani.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika wodi za wagonjwa wa ubongo kwenye hospitali za umma, na majirani zangu bado wananiita sista. Naandika kuhusu ugonjwa ambao wasomaji wengi hawajausikia ukitajwa, ingawa baadhi yao wamezika ndugu waliouawa nao na kuambiwa kwamba ilikuwa presha, au kwamba mshipa ulipasuka kichwani tu, Mungu alipenda. Ni uvimbe wa ateri za kichwani unaoletwa na maambukizi. Madaktari huuita aneurizimu ya maambukizi.

Aneurizimu nyingi hazihusiani na vijidudu. Zile za kawaida huota polepole kwenye njia panda za ateri kubwa zilizo chini ya ubongo, kwa watu wazima hasa, na shinikizo la damu na sigara huzichochea. Profesa Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa wagonjwa wa aina hiyo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wakaonyesha kwamba si ugonjwa wa nadra kwa Wakenya kama watu walivyozoea kudhani. Hii ninayoizungumzia ni nyingine. Hukua kwa siku au wiki chache, mara nyingi humpata kijana, na mzizi wake hauko kichwani. Uko kifuani, kwenye vali za moyo.

Vali ni vijilango vinavyofunguka na kufungika kila moyo unapopiga, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kwetu huku, vali nyingi zilizoharibika ziliharibiwa utotoni. Mtoto anayelala na ndugu zake watano katika chumba kimoja cha mabati kule Kawangware huumwa koo. Anapewa tangawizi na ndimu, koo linapoa, anarudi shule. Lakini kama koo lile lilishikwa na bakteria wa streptokoki kundi A, kwa baadhi ya watoto mwili hukosea njia wiki chache baadaye na kuanza kuushambulia moyo wenyewe. Hiyo ni homa ya rumatiki. Mtoto anavimba magoti, anapona, watu wanasahau. Vali haisahau. Inabaki na kovu, na kila koo jipya lisilotibiwa linaweza kuongeza kovu jingine.

Miaka inapita. Mtoto amekuwa kijana na ana jino lililooza, au fizi zinazotoka damu akipiga mswaki, au jipu kwenye ngozi. Bakteria huingia kwenye damu kwa njia hizo mara nyingi tu katika maisha ya kila mmoja wetu, na moyo ulio laini na mzima huwapitisha wakaishia mikononi mwa kinga ya mwili. Kwenye vali yenye kovu hunata. Wanajizungushia damu iliyoganda, wanajenga kifundo, wanazaana humo ndani. Jina la ugonjwa huo ni endokaditisi. William Osler aliuzungumzia kwa kirefu katika mihadhara yake jijini London mwaka 1885, zama ambazo mgonjwa wake alihesabiwa kuwa maiti, kwa sababu penisilini ilikuwa bado miaka mingi ijulikane.

Kifundo hicho kinamegeka. Kipande kidogo kinachukuliwa na damu, kinapanda shingoni, kinaingia kichwani na kukwama mahali ateri inapokuwa nyembamba, mara nyingi kwenye matawi ya mbali ya ateri ya kati ya ubongo, huku pembeni, juu ya sikio. Kikiziba, mgonjwa anapata kiharusi. Lakini kipande hiki kina uhai ndani yake, na bakteria wake wanaanza kuula ukuta wa ateri pale walipokwama. Ukuta unadhoofika na kutokeza nje, kama tairi la matatu lililokatika nyuzi upande mmoja likatoa nundu: gari linaendelea kubeba abiria, na hakuna ajuaye kama litapasukia Kabiria au Dagoretti Corner.

Vitabu vya utabibu hutaja aneurizimu hizi kwa wagonjwa 2 hadi 4 kati ya kila 100 wenye endokaditisi. Ni wachache, lakini idadi hiyo huwahesabu waliopigwa picha ya mishipa. Ambaye hakupigwa picha hahesabiwi, na katika nchi yetu wasiopigwa picha ndio wengi.

Nitaeleza habari za kijana mmoja niliyemuuguza, na sitataja jina lake wala hospitali. Alikuwa fundi wa kupaka rangi magari, umri wake miaka ishirini na kidogo. Jino lilimsumbua, akalivumilia. Homa ikamwanza. Kipimo cha haraka cha kidole kilisema ana taifodi, akanunua dawa. Akapata nafuu siku nne, homa ikarudi. Akauziwa amoksilini, lakini mfuko ulimruhusu kununua nusu ya dozi. Nafuu tena, homa tena. Akapewa dawa ya malaria ilhali hakuwa ametoka Nairobi kwa muda mrefu, na Nairobi si mahali ambapo mbu humwambukiza mtu malaria kirahisi. Alikonda. Jioni jasho lililowesha shuka. Watu wake wakaanza kunong'ona kuhusu virusi vya ukimwi, akapimwa, hana. Siku moja ndani ya matatu akaanguka kifafa mbele ya abiria, na alipoletwa kwetu skani ya CT ilionyesha damu imemwagika kwenye ubongo upande wa kushoto.

Daktari aliyempokea alimwekea stethoskopu kifuani na kusikia mvumo wa vali iliyoharibika. Uso wake ulibadilika. Akaagiza damu ya kuotesha itolewe mara tatu, kwa nafasi, kabla ya dawa yoyote. Tukaitoa. Tulingoja siku tano, na chupa zote zikabaki kimya, hakuna kilichoota. Dawa za nusu nusu alizokuwa amemeza kwa wiki kadhaa hazikuwa na nguvu ya kuwaua bakteria waliojificha ndani ya kifundo cha vali, ila zilitosha kuwapunguza kwenye damu wasionekane maabara. Picha ya mishipa ikaonyesha aneurizimu mbili, moja imepasuka, nyingine bado.

Mama yake aliniuliza swali ambalo karibu kila familia huuliza. "Sista, si mmeshaona ugonjwa uko wapi? Mbona hamumpasui?"

"Mama," nikamwambia, "pale pameoza. Ukivuta kitambaa kilichooza kwa sindano, kinaachia."

Hilo ndilo jambo gumu kuelewa, na ndilo kiini cha matibabu yenyewe. Kwa aneurizimu ya kawaida, daktari wa upasuaji hutafuta shingo ya uvimbe na kuibana kwa kibanio kidogo cha chuma. Hii ya maambukizi mara nyingi haina shingo. Ukuta mzima wa ateri umeharibika, na ukiushika unaweza kuchanika mikononi. Kwa hiyo silaha ya kwanza ni antibayotiki ya kuingizwa mshipani, kwa wiki 4 hadi 6, bila kuruka dozi. Kama uvimbe haujapasuka, dawa peke yake inaweza kuupunguza hata ukatoweka. Mwingine hubaki ulivyo. Mwingine hukua huku dawa ikiendelea kuingia, na mwingine huchipuka mahali ambapo picha ya kwanza ilikuwa safi. Ndiyo sababu picha moja haitoshi. Hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, na tena dawa zinapokaribia kwisha, na daktari anaweka picha ya leo kando ya picha ya juzi akitazama milimita.

Uliopasuka hausubiri hivyo, kwa kuwa unaweza kupasuka tena na mara ya pili huwa mbaya zaidi. Siku hizi njia inayotangulia kufikiriwa ni kupitia ndani ya mshipa. Katheta nyembamba huingizwa kwenye ateri ya kinena au ya mkono, ikapandishwa kwa kuongozwa na eksirei mpaka ndani ya kichwa, na pale penye ubovu huzibwa kwa gundi maalumu au kwa koili laini za platinamu. Mara nyingi hakuna namna ila kuufunga mshipa wenyewe pamoja na uvimbe wake, kwa hiyo daktari hujiuliza kwanza: kipande cha ubongo kinachonyweshwa na tawi hili kinafanya kazi gani? Ni usemi? Ni mkono wa kulia? Upasuaji wa kufungua fuvu bado una nafasi yake, hasa pale damu iliyoganda inapoukandamiza ubongo na lazima itolewe. Nairobi ina wataalamu wa kazi zote hizo. Ni wachache, na vyumba vyenye mashine za kuzifanya ni vichache zaidi.

Kisha kuna moyo. Vali iliyoharibiwa na bakteria inaweza kuhitaji kubadilishwa, na mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji hutaka damu ya mgonjwa iyeyushwe isigande. Damu iliyoyeyushwa, na kichwani kuna ateri iliyochanika! Kwa kawaida mgonjwa aliyevuja damu nyingi kichwani husubirishwa kama wiki 4 kabla ya upasuaji wa moyo, isipokuwa moyo ukianza kushindwa kabisa. Nimeona madaktari wa moyo na madaktari wa ubongo wakisimama kando ya kitanda kimoja, kila upande una hoja ya kweli, na hoja hizo haziwezi kutimizwa siku moja. Anayevaa vali ya chuma na kumeza warfarini ya kuyeyusha damu kila siku yuko katika mtego huo huo tangu saa ya kwanza.

Wanaosoma kuhusu katheta na gundi hudhani hapo ndipo penye kazi kubwa. Mimi nasema kazi kubwa iko kwenye dozi ya saa nane za usiku. Penisilini ya mshipani hupewa kila saa nne, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Sindano ya mkononi inaziba, mshipa unavimba, unatafuta mwingine, na baada ya wiki tatu mgonjwa hana tena mshipa unaoonekana. Kila saa unamwamsha na kumulika macho kuona kama mboni zinalingana. Unamwambia nibane vidole, mkono huu, haya, na huu. Siku atakayobana kwa upande mmoja kwa ulegevu kuliko jana, unakimbia. Hakuna mashine inayokushinda hapo kama wewe ndiye uliyemshika jana na juzi. Mgonjwa anachoka. Homa ikishapungua anaanza kujiona mzima, anataka kurudi kazini, kodi ya nyumba inangoja, na mara nyingi bili ndiyo inayomwondoa kitandani kabla ya bakteria wa mwisho kufa.

Sasa turudi kwenye zile chupa zilizobaki kimya, kwa maana hoja yangu imo humo. Wiki 6 za dawa, lakini dawa ipi? Streptokoki za kinywani nyingi hufa kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei ya chini. Stafilokoki ya ngozi huhitaji aina nyingine, na ile iliyokwisha kuwa sugu huhitaji vankomaisini, ambayo ni ghali na lazima figo zichungwe. Enterokoki hudai dawa mbili kwa pamoja. Ukiwa na jina la kijidudu, unachagua dawa moja inayolenga na unampa mgonjwa wiki 6 zenye maana. Ukikosa jina, unakisia: unarundika dawa tatu ili usikose, mojawapo jentamaisini inayoweza kuharibu masikio na figo, na unangoja uone. Kwa ugonjwa mwingine mtu anaweza kukisia, akakosea, akabadilisha. Hapa, wakati unapokisia, ukuta wa ateri kichwani unaendelea kuliwa.

Yule kijana alipona, tukishukuru. Uvimbe uliopasuka ulizibwa, wa pili ukanywea kwa dawa. Mkono wake wa kulia haukurudi sawasawa, na kwa mtu anayeshika bomba la rangi siku nzima, mkono ndio shamba lake. Kila nikimkumbuka najua kwamba wiki ya kwanza ya homa yake, kabla ya kidonge cha kwanza, chupa mbili au tatu za damu zingeweza kututajia adui kwa jina. Kichwa chake wakati huo kilikuwa bado kizima.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtu yeyote mwenye homa ya zaidi ya wiki moja isiyo na sababu iliyoonekana wazi, na yeyote mwenye homa ambaye anajulikana kuwa na tatizo la vali, aliyewekewa vali ya bandia, au anayesikika mvumo kifuani, atolewe damu ya kuotesha kabla ya antibayotiki yoyote. Iwe ni kanuni katika kila kituo cha afya cha Nairobi, kama ilivyo kanuni kwamba mjamzito hupimwa shinikizo la damu. Wauguzi tunakiita kipimo hicho kalcha. Hakihitaji daktari bingwa. Kinahitaji mkono uliosafishwa vizuri, ngozi iliyosuguliwa kwa spiriti ikaachwa ikauke, sindano safi, na chupa zenye chakula cha bakteria. Damu ichukuliwe zaidi ya mara moja, kutoka mishipa tofauti, kwa maana chupa moja inaweza kudanganywa na uchafu wa ngozi.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mgonjwa aliyezidiwa asingojeshwe dawa eti maabara bado haijajibu. Hakuna anayesema angoje. Kutoa damu ni kazi ya dakika chache. Anayepumua kwa shida, ambaye presha imeshuka, anatolewa damu na dozi ya kwanza inaingia papo hapo kwenye mshipa huo huo. Jibu la maabara likija baada ya siku mbili, dawa inabadilishwa ilingane nalo. Anayeweza kungoja ni yule mwenye homa ya kuja na kwenda kwa wiki tatu, anayetembea kwa miguu yake hadi dukani. Huyo ndiye tunayempotezea nafasi.

Pingamizi la pili ni pesa. Mwananchi wa Satellite anayelipwa kwa siku hawezi kulipia kalcha mfukoni, na wala sitamlaumu akichagua vidonge vya shilingi chache. Hapo ndipo serikali iliposema inaingia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na tunakatwa asilimia 2.75 ya mapato, asiye na mshahara akilipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Hazina ya Afya ya Msingi imewekwa ili matibabu ya zahanati na vituo vya afya yasidai malipo kwa mgonjwa, na ipo hazina nyingine ya magonjwa sugu na ya dharura. Naomba kalcha ya damu na kipimo cha eko cha moyo vitajwe kwa jina na kwa bei katika huduma za mgonjwa wa nje, vifanyike siku ile ile homa inapotiliwa shaka, kabla mtu hajalazwa. Wakenya ni watu wa huruma ugonjwa ukishakuwa mkubwa. Tunachanga M-Pesa, tunafanya harambee, tunajitokeza kwa maelfu katika mbio za Hospitali ya Mater kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Nami nimekimbia mbio hizo na nitazitembea mwaka ujao magoti yakikubali. Lakini chupa za damu katika wiki ya kwanza ni gharama ndogo mno ukiziweka kando ya chumba cha katheta, wiki 6 za kitanda na vali mpya.

Wengine watasema dawa ya yote ni kufungia maduka ya dawa yanayouza antibayotiki bila karatasi ya daktari. Sheria ya dawa na sumu tayari inakataza, na Kenya ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu mwaka 2017. Naunga mkono sheria ifuatwe. Hata hivyo, ukilifunga duka bila kumpa mtu pa kwenda usiku, umemfungia mlango tu. Afadhali muuza dawa afundishwe swali moja: homa hii ina siku ngapi? Zikizidi saba, asiuze. Aandike kikaratasi cha kumpeleka mgonjwa kituoni, na huko kituoni akute chupa zipo. Swali hilo hilo waliulize pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 waliotumwa na serikali mwezi wa Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye vipimajoto. Wanaingia nyumba kwa nyumba huku kwetu. Wanajua nani anakohoa na nani hajaamka. Wanaweza kuhesabu siku za homa kuliko mtu yeyote.

Nisiache habari ya mtoto mwenye koo, kwa sababu ndiye aneurizimu ya miaka kumi na tano ijayo. Koo la streptokoki hutibika kwa penisilini. Na yule ambaye vali yake imeshaguswa hulindwa kwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Majirani zetu wa Uganda walituonyesha nguvu yake: katika utafiti wa watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa kwenye vali, waliopata sindano kila mwezi kwa miaka miwili ni asilimia 0.8 tu ambao ugonjwa wao uliendelea, ilhali kati ya wasiopata ilikuwa asilimia 8.2. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Sindano hiyo ina maumivu, naijua, nimeidunga watoto wakinishika kanzu. Wahudumu wengine huiogopa kwa sababu ya mzio, na wale wenye vali zilizoharibika vibaya daktari anaweza kuwapa vidonge badala yake. Hayo ni ya kupangwa. La kutisha ni mtoto anayefika tarehe yake kituoni na kuambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo, wakati nauli ya kurudi haipo.

Na meno. Mwenye tatizo la vali apelekwe kwa daktari wa meno kama anavyopelekwa kwa daktari wa moyo. Wachache huambiwa hivyo.

Limebaki swali la maabara. Kituo cha afya kama cha Riruta hakiwezi kuwa na mashine ya kuotesha damu na mtaalamu wa kuisoma usiku na mchana, na si lazima kiwe nayo. Kenya ilikwisha kujifunza kusafirisha sampuli. Damu za kupima wingi wa virusi vya ukimwi na makohozi ya kifua kikuu hutoka vituo vidogo kila siku kwa pikipiki hadi maabara kubwa, na majibu hurudi kwa simu. Chupa za kalcha ni rahisi zaidi kubeba: hazitaki barafu, na hazipaswi kuwekwa kwenye friji hata kidogo. Zinataka kufika siku hiyo hiyo. Kutoka Satellite hadi Hospitali ya Mbagathi kwa bodaboda, kwa kukata Ngong Road, ni safari fupi hata jioni ya msongamano. Kaunti iweke kasha la chupa katika kila kituo cha Dagoretti, imlipe mwendesha pikipiki anayepita mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na imteue mtu mmoja katika kila kituo ambaye kazi yake ni kupokea simu ya maabara na kumtafuta mgonjwa. Bajeti ya kaunti hujadiliwa hadharani kabla ya Juni kila mwaka. Mkutano wa wadi yetu utakapoitishwa nitakwenda na karatasi yenye mambo hayo matatu, na nawaomba wauguzi wenzangu wa Kawangware, Waithaka na Mutuini waje na zao.